Mwili wa Kukimbilia

Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio wa uani, Natalina huingiza vidole viwili kwenye kiuno cha sketi yake. Vikipita kwa urahisi, anaridhika. Vikikwama, siku hiyo anashinda na chai ya rangi. Wanawe wamezoea, hawageuzi hata shingo.

Tabia hiyo ilianza na vita vya Desemba 2013. Alikuwa amejifungua Teresa, mtoto wake wa kwanza, na mama mkwe wake, Teresina, alikuwa akimlisha madida, ule uji mzito wa mtama wenye samli na sukari. Mzazi akitoka ndani amejaa, watu husifu ukoo wa mume, na Natalina alitoka amejaa kweli. Risasi zilipoanza mtaani kwao, Hai Malakal, watu walielekea darajani, wavuke mto kwenda Gumbo. Yeye akaachwa nyuma anahema, mtoto kifuani. Mumewe, Lomoro, akarudi kumchukua, na njiani akapigwa risasi ya mkono. Vidole vyake havikunjiki tangu siku ile.

Hakuna aliyemlaumu Natalina. Alijilaumu mwenyewe.

Mimba ya pili ilimkuta mwaka 2016, mji mzima unanong'ona kwamba vita vinarudi. Bakuli la madida likiletwa, alingoja Teresina aondoke, kisha akalipitisha kwa jirani yake, Konga, aliyekuwa akinyonyesha.

"Mama, mzani hausogei," mkunga alimwambia. "Unakula?"

"Nakula."

Teresina hakudanganyika. "Binti yangu, umekonda kama fito. Watu watasema mwanangu anakunyima."

"Waache waseme, mama. Mwenye mwili hakimbii."

"Na mwenye mimba je, anakimbia? Hata mbuzi mwenye mimba tunamngoja njiani."

Julai vita vikaja. Septemba akazaliwa Lodu, mdogo, ngozi imekunjamana kama ya mzee. Natalina alimweka titini, maziwa yakatoka matone tu. Teresina akambeba mtoto, akampeleka kwa Konga, akanyonyeshwa huko. Konga alimpakata kama wake, na hilo lilimuuma Natalina kuliko tusi. Lodu alipona, lakini alichelewa kukaa, akachelewa kusimama, na kila homa ikipita mtaani ilianzia kwake.

Lodu alipokuwa wa miaka miwili, Suzan, binti wa kaka yake Natalina, alifika kutoka mtaa wa Hai Cinema, tumbo limeanza kuonekana. Akapewa chakula, akakisogeza pembeni.

"Shangazi, sitaki kunenepa. Kukiwaka tena nitakimbia vipi?"

Natalina akairudisha sahani mbele yake. "Kula."

"Wewe mwenyewe unajipima kila asubuhi."

"Mimi ni woga tu. Umeniingia, hautoki. Kula."

Suzan akamega kidogo, akamtazama Lodu aliyelala mkekani. Kisha akauliza, si kwa kejeli, "Na Julai ile, shangazi, huo wepesi ulikufikisha wapi?"

"Chini ya kitanda," Natalina akasema. "Njia zilifungwa. Hatukukimbia."