Sanduku la Kambove

Harufu ya naftalini bado inaniweza. Juzi, sokoni hapa Lubumbashi, mwanamke mmoja alifungua robota la mablanketi ya mitumba mbele yangu. Harufu ile kali ikatoka, imechanganyika na ya sabuni iliyokauka, na mimi niliyekuja kununua nyanya nikasimama wima kama mtu aliyeambiwa: haya, tunakwenda. Nyanya sikununua. Nimesoma chuo kikuu, nimezoea kudai ushahidi wa kila kitu, hata wa mambo ambayo padri wetu angependa niyaache yalivyo. Lakini pua yangu haijasoma. Yenyewe inaamini tu.

Ilikuwa harufu ya sanduku letu la bati, kule Likasi. Lilikuwa la bluu, lenye mishikio miwili na kutu kwenye pembe, na kifuniko chake kililia kama bata kila kilipofunguliwa. Tuliliita sanduku la Kambove, kwa sababu kila likizo kubwa tulikwenda nalo Kambove kwa bibi, mzaa mama.

Familia nyingine za kambi yetu ya wafanyakazi zilianza safari kwa kelele. Baba anatafuta kiatu, mama anarudi kuchukua chumvi, mtoto anatumwa kwa jirani kudai taa aliyoazima, na gari linaondoka bila wao. Sisi tuliinua sanduku tukatoka. Mama alikuwa amelifunga tangu safari iliyopita. Siku ileile tuliyorudi, kabla hata vumbi halijatutoka miguuni, alifua, akakausha, akarudisha: taulo mbili, sabuni, chumvi ndani ya kopo la maziwa, kikombe cha bati, sindano na uzi, kibiriti kilichofungwa kwenye nailoni, dawa ya malaria, nguo za kila mmoja. Kila Jumamosi alilifungua lipate hewa, na mimi na Mutombo, mdogo wangu, tulijaribishwa nguo zetu, maana mtoto hukua lakini gauni lililofungwa halikui.

Kulikuwa na sheria moja. Vya sanduku ni vya sanduku. Baba alikuwa na wembe mzuri mle ndani, na Jumapili moja wembe wake wa kila siku ulipopotea alikwenda misani na ndevu zake kuliko kumwomba mama afungue. Wanaume wenzake walimwuliza kama amefiwa. Alijibu kwamba ndiyo, amefiwa na wembe, lakini pacha wake yuko salama sandukuni.

"Mwenye kufunga mapema halii njiani," mama alikuwa akisema. Sijawahi kumsikia mtu mwingine akiisema methali hiyo, nami nimefikia kuamini kwamba aliitunga mwenyewe.

Sasa niwaeleze jambo ambalo sisi watoto hatukuwa tumelifikiria kabla ya mwaka ule, nilipokuwa na miaka tisa. Baba alizaliwa Likasi, lakini baba yake aliletwa kutoka Kasai zamani, kuchimba shaba. Mama alikuwa mtoto wa hapahapa, wa Kambove. Nyumbani tofauti hiyo ilionekana kwenye chungu tu: baba alitaka bukari yake, yaani ugali, ichanganywe unga wa muhogo, mama alitaka ya mahindi matupu, na jambo lilimalizwa kwa zamu. Kisha kazi kiwandani zikaanza kukatika, mishahara ikawa hadithi, na redioni na barabarani watu wakaanza kusema kwamba wenye makosa ni watu wa Kasai, na kwamba warudi kwao. Baba hakuwahi kuiona Kasai hata kwenye picha. Nilimwuliza mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kufika. Aliniambia ninywe uji wangu.

Bombani, pale tulipochota maji, wasichana niliocheza nao kamba walianza kuniachia nafasi kubwa kwenye foleni, kama mwenye upele. Mmoja wao, ambaye nilikuwa nimempa nusu ya muwa wangu wiki iliyotangulia, aliniuliza kwa sauti tamu, "Ngalula, treni yenu ya Kasai inafika siku gani?" Wengine wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikabeba ndoo yangu, nikalia baada ya kona.

Sanduku likatoka chini ya kitanda likawekwa nyuma ya mlango.

Halikuwa tena sanduku la Kambove. Mama alipunguza taulo akaongeza sufuria, unga, blanketi, sweta, karatasi za baba na za ubatizo wetu ndani ya nailoni mbili. Alilipanga akalipangua. Nami, kwa kuwa hata wakati ule sikuamini kitu mpaka nikiguse, kila mama alipokwenda bustanini nilifungua kidogokidogo, nimepiga magoti, nikiinua kifuniko taratibu ili bata asilie, nikahesabu. Vya baba, vipo. Vya Mutombo, vipo, mara mbili. Vyangu, mara mbili pia, na viatu vyangu vya shule.

Vya mama havikuwemo.

Kila safari ya Kambove kulikuwa na kitenge chake cha kijani chenye ndege wa manjano, blauzi yake nyeupe, na viatu vyake vya kufunga. Nilitafuta mpaka chini kabisa. Niliingiza mkono pembeni ya blanketi, ukazama hadi kwenye kiwiko. Nafasi ilikuwepo.

Nilimwuliza kuhusu nguo zake alipokuwa akisonga bukari. "Mama, na bilamba yako? Iko wapi?"

Hakugeuka. "Mu sanduku hamuna nafasi, mutoto wangu."

Mama yangu hakuwa mwongo. Ndiyo maana niliogopa.

Wiki hiyo alikuja Mjomba Mwape, kaka mkubwa wa mama, ambaye mama alimwita Yaya, aliyetengeneza baiskeli kule mtaa wa Kikula. Kwa kawaida alikuwa mtu wa mizaha. Aliniita mkwe wake kwa sababu alidai ataniozesha kwa baiskeli aliyoipenda zaidi. Siku hiyo hakunisalimia. Alikaa ukingoni mwa kiti, mama mbele yake na ungo wa maharagwe, nami nyuma ya pazia la mlango nikijifanya ninamfunga Mutombo viatu.

"Bwana yako anafukuzwa, na batoto ni ba baba yabo," alisema. "Lakini weye, nani alikufukuza? Weye ni mutoto wa hapa."

Mama aliokota jiwe moja kwenye maharagwe, akalitupa. Akaokota lingine.

"Bantu banakufa njiani, dada. Nilibaona ku gare ya treni, balala mu mvua. Minye sitaki kukuzika kule kwenye sijui hata jina."

Nilisubiri mama aseme neno. Nilingoja kama mtu anavyongoja radi baada ya umeme. Alichosema ni kwamba maharagwe ya siku hizi yana mawe mengi. Mjomba aliondoka akisema atakuja kumchukua, siku ikifika.

Basi nilikuwa na ushahidi wangu. Sanduku lilikuwa la watu watatu.

Kuanzia hapo sikumwacha mama. Nilimfuata mpaka chooni. Usingizi wa mchana alipolala nilikaa mlangoni. Jiwe la kwanza lilipoanguka juu ya bati letu, saa nne asubuhi, jua likiwaka, watu wote wakikimbia ndani, mimi sikutazama juu. Nilitazama miguu yake, ikielekea wapi. Wengine waliogopa mawe. Mimi niliogopa ndala za mama yangu.

Ijumaa nilifanya dhambi yangu. Mama alipokwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo, nilichukua kile kitenge cha kijani kabatini, nikakisokota haraka kama nyoka, nikakisukuma chini ya sweta za Mutombo. Vya sanduku ni vya sanduku. Nilidhani ikiwa kitenge kimo, mwenye kitenge atalazimika kukifuata. Msinicheke. Nimewahi kukutana na watu wenye digrii wanaofikiri hivyohivyo kuhusu vitu vingine.

Halafu ikawa Jumamosi, siku ya kufungua.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Lakini mama alitukabidhi ndoo mimi na Mutombo, akatutuma bombani, na si lile la karibu, lile la mbali karibu na shule, kwa madai kwamba maji yake ni safi zaidi. Tulikwenda, tukapanga foleni ndefu, tukarudi maji yakitumwagikia magotini. Pipa la jikoni lilikuwa limejaa pomoni. Tulimimina ndoo zetu, yakafurika sakafuni, na Mutombo akacheka kwa sababu hata siku moja hatukuwahi kumwona mama akikosea hesabu ya maji. Mama alisema tu tufute.

Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kufuli, ufunguo umening'inia shingoni mwake pamoja na rozari. Mutombo leo anakana kufuli hilo. Alikuwa na miaka mitano, naye alikuwa akifikiria treni tu. Mimi nalikumbuka vizuri, maana nililala siku nne nikilitazama. Kabatini kitenge hakikuwepo. Je, alikitoa akampelekea mjomba Kikula kama ahadi? Alikiona, au hakukiona? Sikuthubutu kuuliza, kwa sababu mwizi haulizi mali imefika wapi.

Siku ya tano baba aliingia mbio, hana kofia. Kambi ya jirani ilikuwa imeanza kuvunjwa milango. Alisema neno moja tu, "Sasa." Na hapo ndipo niliona kazi ya mama yangu ilivyokuwa. Hatukutafuta kitu. Baba alishika mshikio huu, jirani akashika ule, mama akambeba Mutombo mgongoni, na kabla uji haujapoa tulikuwa barabarani. Nyuma yetu familia moja ilikuwa bado inatupa vitu nje kupitia dirishani: godoro, saa ya ukutani, tundu la kuku bila kuku. Mama yao aliita jina la mtoto mmoja mfululizo. Alimpata baadaye, nashukuru, lakini karatasi zake hakupata tena.

Mjomba Mwape alitukuta njiani, na baiskeli. Hakugombana. Aliweka sanduku kwenye kiti cha nyuma, akalisukuma, akatembea kando ya mama. Sikuelewa kama anatusaidia au anamngojea. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya jikoni na ndala. Mikononi hakuwa na kitu zaidi ya kitako cha Mutombo. Mtu anayesafiri havai hivyo, nilijiambia. Anayesindikiza ndiye huvaa hivyo. Nilishika pindo la nguo yake. Nililishika mpaka stesheni, vidole vikafa ganzi.

Stesheni ilikuwa imejaa watu na maturubai ya plastiki kuliko nilivyowahi kuona hata sikukuu ya Pasaka. Treni haikuwepo na hakuna aliyejua itafika lini. Mvua ilianza. Baba alikwenda kutafuta nafasi chini ya paa. Mutombo alianza kutetemeka, na mjomba akasema, kwa upole sana, kwamba sasa basi, mizigo imefika.

"Dada, kuya. Twende."

Mama alimweka Mutombo juu ya tofali. Akatoa ufunguo shingoni, akafungua sanduku, bata akalia. Nilidhani anatafuta blanketi.

Juu kabisa, kabla ya blanketi, kilikuwa kitenge cha kijani. Hakikuwa nyoka wangu tena. Kilikunjwa mara nne, ncha juu ya ncha, ndege wa manjano wote wameelekea upande mmoja. Chini yake ilikuwa blauzi nyeupe. Pembeni, vikiwa vimeingizana, viatu vya kufunga.

Alivua ndala. Alijifunga kitenge juu ya nguo ya jikoni, mbele ya watu wote, bila haraka, akavaa viatu, akaweka ndala sandukuni.

Mjomba alitazama. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka puani. "Kumbe ulisha kufunga," alisema.

"Hapana minye, Yaya. Ni Ngalula alinifungia."

Mjomba alinigeukia, nikajificha. Alivua sweta lake, akalikamua, akalikunja vibaya kama wanaume wanavyokunja, akalitia sandukuni. Kila siku tuliyokaa pale alituletea bukari imefungwa kwenye kitambaa, mpaka treni ilipofika, na siku hiyo alisukuma sanduku letu dirishani kwa kichwa chake mwenyewe. Hatukumwona tena. Alikufa tukiwa Mbujimayi, kule ambako baba aliambiwa ni kwao na ambako watu walicheka Chiluba chake, lugha ya kule.

Kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba nilimshika mama yangu kwa mtego. Mtoto wa miaka tisa, nikamshinda mjomba na nchi nzima kwa kipande cha nguo. Likizo iliyopita nilimwambia mwenyewe, huku tukichambua maharagwe. Alicheka kidogo. Akasema kwamba vyetu alivifunga, lakini kila aliposhika vyake mikono ilikataa. Hakuwa amekubali kubaki wala kwenda, na hakuwa na mtu wa kumwuliza, maana kila mtu alikuwa na jibu lake tayari. Kisha, akasema, akakuta kile kitenge kimesokotwa kama utumbo. Nikamwuliza alifanya nini. Alisema alikikunja vizuri, kwa nini nauliza maswali ya kitoto.

Mimi bado nauliza. Kukunja kitenge hakuchukui hata dakika moja, na sisi tulikaa kwenye foleni ile karibu asubuhi nzima. Sijui alifanya nini peke yake na lile sanduku muda wote huo. Hakuniambia, nami, kwa mara ya kwanza maishani, sikudai ushahidi. Najua hili tu, kwamba mama yangu hakuwahi kukosea hesabu ya maji, na kwamba pipa lile, alipotutuma bomba la mbali, lilikuwa limejaa tangu asubuhi.