Hua wa Mguu Mbovu

Nilipokuwa mtoto, wafu wa nyumbani kwetu walikula asubuhi kabla yetu. Bibi yangu, mama yake baba, aliwatengea chakula nyuma ya nyumba, kwenye kigae kikubwa cha chungu kilichovunjika, ambacho alikuwa amekiegesha juu ya vijiti alivyovichimbia ardhini. Kulipokucha alimimina humo chenga za mchele au ulezi, akarudi nyuma kidogo, akasema, "Mugonile," kama tunavyowaamkia wakubwa. Kisha ndege wakashuka: shomoro, chiriku, mnana wenye vifua vya njano, na wale hua wadogo wa kijivu ambao mlio wao ni kama wa mtu anayelia huku akijizuia. Wengine wote walikuwa ndege tu, alisema Bibi. Hua ndio waliokuwa watu.

Hapo ni Ikolo, kijijini kwetu, katika miaka ya mwisho ya Wajerumani. Vijana wa siku hizi huniuliza kama niliyaamini hayo, nami nimechoka kuwajibu. Mtoto haamini wala hakatai. Niliamka, nikawakuta hua wanakula, nikangoja zamu yangu.

Bibi alisema kwamba mtu akifa hafiki popote mpaka watu wake wamlilie. Akililiwa vizuri huenda kwa wazee walio chini ya ardhi, akapumzika. Asipoliliwa huzungukazunguka nyumba yake, anaokota punje, na walio ndani nao hawapati kupumzika. "Mfu asiyeliliwa," alizoea kusema, "huwachosha walio hai." Alilisema hilo bila kutisha, kwa sauti ileile aliyotumia kusema kwamba paa linavuja.

Baba yangu aliitwa Ambokile. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza, askari walikuja kutafuta wapagazi, wakamkuta shambani na matope yakiwa bado miguuni. Namkumbuka kwa mwendo wake zaidi ya sura. Jembe lilikuwa limemkata vidole viwili vya mguu wa kushoto alipokuwa kijana, kwa hiyo alitembea akikanyagia kisigino, na hata gizani tulijua ni yeye anayekuja. Siku ile aliondoka hivyohivyo, mzigo kichwani, akachechemea mpaka migomba ikamficha. Mama aliendelea kulima sehemu aliyoiacha. Alilima msimu ule, akalima na uliofuata, na habari hazikuja.

Msimu wa pili, tulipokuwa tunavuna mpunga, alikuja hua mgeni. Alitua pembeni mwa kigae, akayumba, akajiweka sawa. Mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole. Ulikuwa kigutu tu.

Bibi alimtazama mpaka chenga zikaisha. Kisha akamwita mama yangu kwa jina langu, kama ilivyo desturi.

"Nyina Tusekile, njoo hapa."

Mama alikuja na ungo mkononi, makapi yamemjaa kichwani.

"Tazama mguu wake," Bibi alisema.

"Nimeuona, mama. Huyo alinaswa na mtego."

"Mwanangu amekufa. Tumlilie."

Mama aliendelea kupepeta pale pale alipokuwa amesimama. "Sitanyoa nywele kwa ajili ya ndege," alisema.

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Kila asubuhi Bibi alitoka kumwamkia mwanawe, na kila asubuhi Mama alipita na mtungi wake bila kugeuza shingo. Bibi alikwisha kuandaa kamba za gome za kujifunga kiunoni wakati wa msiba, akazining'iniza ukutani juu ya kitanda chake. Nazo Mama alizipita tu. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, na mimi nililala katikati yao.

Sasa, wakati huo kulikuwa na mwanamke wa Kijerumani, mke wa mchungaji, aliyependa ndege kuliko kitu kingine. Nyuma ya nyumba yake ya misheni alikuwa ameweka meza ya kuwalishia, ila paka wake aliwafukuza. Aliposikia kwamba kwa Bibi ndege hula bila woga, akaja na kamera yake: sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, kitambaa cheusi, na mpira mrefu mwembamba wenye tufe mwishoni. Aliuficha mpira kwenye nyasi, akakaa mbali, na ndege walipotulia aliliminya tufe, sanduku likalia *tak*. Bibi alimpa sharti moja tu, kwamba aamkie kwanza. Basi yule mama, mrefu, mwembamba, uso wa njano kwa homa, alisimama kila mara mbele ya kigae na kusema "Mugonile" kabla ya kufungua sanduku lake. Kinyakyusa alikijua vizuri, ingawa alikitamka kana kwamba ana punje mdomoni.

Siku moja, alipokuwa anafunga vitu vyake, Mama alimwendea. Nilikuwa naanua mpunga, nikasikia yote.

"Juba," Mama alimwita, neno letu la kumwita mama, "hilo sanduku linaweza kupiga picha ya mzimu?"

Yule mwanamke hakucheka. Aliukunja mpira mkononi.

"Haliwezi," alisema. "Tulimzika mtoto wetu pale misheni. Nimepiga picha nyingi za bustani aliyokuwa akicheza. Hayumo hata kwenye moja."

"Kwa hiyo kitu kikitokea kwenye picha, si mzimu."

"Ni kitu tu. Kimesimama kwenye mwanga."

Mama akaashiria upande wa Bibi, aliyekuwa ameketi kivulini akituangalia. "Basi mpigie picha yule hua mbovu wa mguu. Akitokea, ni ndege, na mume wangu yu hai. Asipotokea, nitanyoa nywele leo hii."

"Vioo vyangu vinakwisha," alisema yule mama. Picha zile zilipigwa kwenye vioo, na tangu vita vianze hakikuletwa kingine. Alimtazama Mama, akamtazama na Bibi. "Mzee naye anakubali?"

Bibi alifikiri. Najua leo kwamba alikuwa anaweka rehani kilio cha mwanawe wa pekee, na kwamba alilijua hilo kuliko sisi wote. "Nakubali," alisema. "Nimechoka kuwa peke yangu katika jambo hili."

Tulingoja asubuhi mbili bila hua yule kutokea. Asubuhi iliyofuata alikuja, jua likiwa limeshapanda. Sote tulilala kifudifudi kwenye majani makavu ya mgomba, Mama, Bibi, mimi na yule mwanamke, siafu wakitupanda. Hua alizunguka kigae akidonoa. Yule mwanamke hakuminya. Alinong'ona kwamba ndege akitembea picha itakuwa ukungu mtupu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye mkono ulioshika tufe. Nilimwona Mama amefumba macho, midomo ikicheza. Alikuwa amebatizwa mwaka mmoja kabla, na nadhani alikuwa anaomba. Bibi aliyafumbua ya kwake, akamkazia macho hua kama mtu anayemwomba mtoto asiondoke.

Hua akasimama. Akainua kichwa. *Tak.*

Picha ililetwa baada ya siku kadhaa, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Yule mwanamke alimpa Bibi kwanza, kwa mikono miwili. Bibi aliigeuza, akaiweka karibu na macho, akaiweka mbali. Hakuwahi kushika picha kabla ya hapo. Mimi niliyechungulia juu ya bega lake nilimwona hua mara moja. Alionekana wazi, kila unyoya, kichwa juu, mguu mzima umeshika ukingo wa kigae na ule mbovu umening'inia.



"Ni ndege," Bibi alisema.

Mama alikaa chini, akaanza kucheka, kisha kicheko kikamwishia akabaki anahema. Alimshika yule mwanamke miguu. "Ndaga fijo, Juba, ndaga fijo," alimshukuru, na yule mwanamke alijaribu kumwinua huku na yeye analia, sijui kwa lipi. Bibi aliingia ndani. Alipotoka, kamba za gome hazikuwa tena ukutani. Alikuwa amekubali jaribio, na hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Mwaka uliofuata Waingereza walitushukia, na yule mwanamke na mumewe wakaondolewa pamoja na Wajerumani wengine. Sikumwona tena.

Na sisi tukaanza kungoja kweli. Kabla ya picha, Mama alikuwa mwanamke asiyejua. Baada ya picha alikuwa mwanamke anayejua kwamba mumewe yu hai, na hiyo ni kazi nzito zaidi. Aliacha fungu la chakula kila jioni, tukalila asubuhi likiwa baridi. Ndugu yake baba, wa mama mwingine, alikuja kwa adabu, kama ilivyo desturi, kusema yuko tayari kumtunza mjane. Mama alimrudisha kwa adabu ileile, akasema hakuna mjane hapa. Aliamka kila aliposikia mtu anayechechemea njiani. Watu wengi hurudi vitani wanachechemea.

Bibi alidhoofika. Alikuwa ameizuia huzuni yake kwa sababu alitoa neno, na haikuwa na pa kwenda. Alipokuwa anakufa hakumtaja baba. Aliniambia tu, "Tusekile, nyumba hii imechoka." Tulimlilia yeye, na tulimlilia sana, kwa sababu kulikuwa na vilio viwili na ruhusa moja.

Mtu aliyetuletea habari alitoka Katumba Songwe. Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa. Alikuwa amebeba mizigo pamoja na baba, akachukuliwa mbali, akafanya kazi huko miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Alisema baba aliugua kuhara barabarani, kule juu Ubena, katika mvua za mwanzo za vita. Walimfukia kando ya njia.

Mama alihesabu moyoni, nilimwona. Mvua za mwanzo zilikuwa kabla ya mavuno yale. Siku tuliyolala kifudifudi kwenye majani ya migomba, baba alikuwa amekufa zamani.

"Ahsante, baba," alimwambia mgeni. "Kula kwanza."

Msiba tuliuweka. Walikuja watu wachache, maana homa kubwa iliyofuata vita ilikuwa imewamaliza wengi waliomfahamu. Wanawake waliimba, wakamngoja Mama aanze. Hakuweza. Alifungua mdomo, akaufunga. Usiku huohuo alilala mapema, na kesho yake hakuamka mpaka mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Nilipika mimi, nikafukuza kuku, nikamwacha alale.

Nimeyageuza mambo haya mara nyingi. Picha haikusema uongo: yule alikuwa hua aliyenaswa mtegoni. Bibi hakusema uongo pia. Tulimuuliza yule hua swali ambalo si lake, akatujibu kwa kusimama tu, na jibu likatumaliza. Simlaumu Mama. Nani asingependa kuambiwa hivyo?

Mwaka jana alikuja kwangu mke wa jirani, msichana bado, mumewe ameenda migodi ya kusini na barua zimekoma. Alitaka nimwambie kama yu hai. Wanadhani wazee tunajua. Nilimwambia sijui, na hakuna ajuaye. Akauliza afanye nini basi.

"Lia," nilimwambia.

"Na akirudi, bibi?"

"Akirudi utampikia. Sijamwona mwanamume aliyerudi nyumbani akakasirika kwamba alililiwa."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kisha akaketi kwenye mkeka wangu, mchana kweupe, akaanza.