Boti Niliyoiosha

Siku yangu ya nne kwa yule mzee nilimwoshea boti yake, na kidogo nifukuzwe kazi.

Nilikuwa nikitunza wazee majumbani mwao. Kampuni ilinipangia nyumba tatu kwa siku, na ya kwanza, huko Wembley, ilikuwa ya Mwingereza mmoja, mgane, aliyekuwa fundi wa lifti kabla ya kustaafu. Mikono yake ilitetemeka kwa maradhi, hata chai nilikuwa nikimtilia nusu kikombe tu. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia uji na kusafisha sebule.

Hiyo sebule ndiyo iliyoniponza. Juu ya meza ya kulia kulikuwa na boti ya plastiki, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi kiganja, mfano wa zile boti za jeshi zinazofanya doria mitoni zikiwa na bunduki mbele na nyuma, ila za hii zilikuwa bado hazijafungwa. Ilikuwa chafu. Matope ubavuni, kutu kwenye vyuma, masizi huku nyuma kwenye injini. Mimi nimelelewa na mwanamke ambaye hata kuni alizifuta vumbi kabla ya kuzitia motoni. Mzee alikuwa amesinzia. Nikachukua sponji, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, nikaisugua mpaka ikang'aa.

Alipoamka aliitazama.

"Matope yangu yako wapi?" akaniuliza.

"Nimeyatoa," nikasema, nikingojea ahsante.

"Yale matope yalinichukua wiki tatu."

Akanieleza taratibu kwamba boti ya mtoni haikai safi, kwa hiyo anayejenga mfano wake akishapaka rangi huichakaza kwa makusudi, kwa unga wa rangi na brashi ya nywele chache. Kila kitu pale kilikuwa kimepunguzwa mara thelathini na tano, uchafu nao. Na aliufanya kwa mikono ile. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nitayarudisha," nikamwambia.

"Utaweza?"

"Mama yangu alinifundisha kushona kofia."

Hakuelewa. Lakini mtu aliyekwishatoboa mamia ya vitobo kwenye kofia moja ya Kizanzibari, na kila kitobo akakizungushia uzi kilingane na mwenzake, haogopi boti. Siku tatu baadaye matope yalikuwa yamerudi, na mzee alipoyapitia kwa kioo cha kukuzia alisema tu, "Haya yamekauka vizuri zaidi."

Tangu hapo nikawa mikono yake. Nikimaliza kazi zangu anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, anaamrisha, nami natengeneza vile ambavyo havikuja ndani ya boksi. Turubai tulilitengeneza kwa karatasi laini iliyolowekwa gundi. Antena ilikuwa kijiti cha plastiki nilichokipasha moto juu ya mshumaa nikakivuta mpaka kikawa kama unywele. Wavu wa kufunika injini ulitoka kwenye chujio langu la chai, na nyumbani kwangu tulikunywa chai na majani yake wiki nzima.

"Juu kidogo," anasema. "Kidogo, nimesema. Huko umefika ghorofani."

Siku moja nikamuuliza kama aliwahi kuwa askari.

"Kamwe. Hata kivuko cha hapa Thames kinanitapisha."

"Sasa kwa nini boti?"

"Hizi hazitikisiki."

Mama aliishi Ilford, na nilipomsimulia aliweka kikombe chini. "Mwanangu, sisi tumekimbia bunduki Unguja, wewe unakwenda kuzitengeneza Wembley?"

"Ndogo hizo, mama."

"Zote huanza ndogo," akasema. Hata hivyo, nilipoaga alinipa sindano yake nyembamba kuliko zote.

Kilichotuletea balaa ni daftari. Sheria ya kampuni ilikuwa kuandika kila siku nilichomfanyia mzee, nami niliandika kwa uaminifu. Ameoga. Amekula uji wote. Tumefunga bunduki mbili nyuma. Kesho yake: Amelala vizuri. Bunduki ya mbele inakataa kuzunguka. Na siku iliyofuata: Amekasirika kidogo, risasi zimeanguka chini ya sofa. Nimezipata zote isipokuwa moja.

Msimamizi wangu alizisoma kurasa nilizopeleka ofisini, akaja bila kupiga simu. Alikuwa mama wa makamo, kitambulisho shingoni, na hakukubali kukaa. Alimwinamia mzee akamuuliza kwa upole kama kuna silaha ndani ya nyumba.

Mzee angeweza kumaliza jambo lile kwa neno moja. Badala yake alifikiri kidogo, akasema, "Mbili. Ya tatu iko jikoni inakauka."

Nilikimbilia boti, nikaiweka mbele ya yule mama kabla hajashika simu. Akavaa miwani, akainama, na hakuinuka mapema. Mwishowe akaniuliza kamba ndogo kama ile nimeifungaje fundo. Nikamwonyesha. Alipoondoka aliniagiza kwamba kuanzia siku ile niandike "kazi za mikono" basi.

Jumamosi moja nilimpeleka mzee kwenye maonyesho ya kushindanisha mifano ya boti katika ukumbi wa kanisa. Tulipanda basi, boksi amelipakata, na kila dereva akifunga breki mzee analikumbatia utadhani mjukuu. Jaji alikuja na tochi ndogo, akamulika matope ubavuni, akamuuliza mzee ameyafanyaje.

"Muulize fundi," akasema, akaninyooshea kidole kinachotetemeka.

Jaji akanigeukia, akataka kujua boti hizi nilizionea wapi.

"Sijaiona hata moja," nikasema. "Ila hii."

Tulipata nafasi ya tatu. Mzee alibishana na jaji robo saa nzima kwamba boti iliyoshinda imepinda antena, mpaka nikamsukuma kuelekea mlangoni akiwa bado anaongea. Cheti aliagiza kiandikwe majina mawili, langu na lake, na wakayakosea yote mawili. Nilidhani atakirudisha. Akaniambia nikitundike chooni, mbele ya kiti, maana kila mgeni ataketi pale siku moja na hatakuwa na pengine pa kutazama.