Dobi Anayeshika Mkia wa Kamba

Habari hii nimesimuliwa na Nanga mwenyewe, Jumanne ya wiki jana, ndani ya chumba cha kufulia, mashine zikiwa zimezimwa kwa saa ya chakula. Alikuwa amekaa juu ya furushi la mablanketi, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliposema niliandika. Aliponyamaza nilimngoja.

Saa kumi na moja alfajiri, Nanga anashuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume.

Ngazi ni kumi na tisa. Mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeshika goti. Akishuka kwa mbele, goti la kushoto linakataa. Basi anageuka kama anayeshuka mtini, na anafanya hivyo mapema, kabla binti yake hajaamka kumwona.

"Mimi ni mtu wa kurudi nyuma," anasema. "Hata kwenye kamba kazi yangu ni hiyo hiyo."

Ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na minne amekuwa dobi wa hospitali, na kwa miaka yote hiyo amekuwa mtu wa mwisho kwenye timu ya madobi ya mchezo wa kuvuta kamba. Mtu wa mwisho ndiye anayejifunga kamba kupita kwapani na mgongoni. Wenzake saba wakiteleza, yeye ndiye anayebaki ardhini. Ndiyo maana wanamwita Nanga. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi hapa kazini hawalijui.

Kazini wanafua shuka mia nne kwa siku. Mashine ya kukamulia ikigoma, na hugoma karibu kila wiki, mablanketi hukamuliwa kwa mikono, watu wawili wawili. Nanga ndiye anayetoa sauti: "Shika! Kaza! Keti!" Sauti hiyo hiyo ndiyo inayotumika uwanjani.

Nilimuuliza kwa nini haachi mchezo huo.

"Nimefua damu za watu na matapishi ya watu," alinijibu. "Shuka ikirudi nyeupe, hakuna anayeuliza nani kaifua. Siku ya kamba watu mia sita wanaliita jina langu. Siku moja tu kwa mwaka. Niiache nikale nini moyoni?"

Daktari wa mifupa alimwambia mwaka huu kwamba gegedu la goti limelika kama kipande cha sabuni. Goti likipinda vibaya tena, huenda zile ngazi kumi na tisa zikamshinda kabisa, na kazi ya kusimama pia.

"Nikamuuliza, na kamba je? Akacheka. Alidhani namtania."

Binti yake hakucheka. "Mama, ukianguka usiniite nikuogeshe."

"Nitawaita majirani."

"Majirani nao wana akili zao."

Kazini hakumwambia mtu. Msimamizi wao, mwanamke mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, ndiye pia nahodha wa timu, na alishatangaza mbele ya wote: "Mwenye maumivu aseme mapema, apumzike. Nikigundua kuna aliyenificha, kamba asahau." Nanga aliitikia pamoja na wenzake, tena kwa sauti kubwa.

Wiki mbili kabla ya mashindano alikwenda kliniki ya mifupa, kwenye jengo la nyuma ambako madobi hawapiti. Alivaa miwani ya jua ya binti yake na kujifunga mtandio hadi kidevuni. Akaketi mwisho wa benchi. Alipogeuka kumtazama jirani yake, akamkuta Mpishi.

Mpishi anapika kwenye shule kubwa ya bweni. Ni mnene, ana miaka sitini, na sauti yake husikika hadi ng'ambo ya uwanja. Yeye ndiye mtu wa mwisho wa timu ya jikoni. Kwa miaka kumi na saba wanawake hawa wawili wamekuwa wakivutana, huyu mkia huu, yule mkia ule.

"Wewe! Unafanya nini huku?" Nanga alimuuliza.

"Nimemleta jirani. Na wewe?"

"Mimi nafanya kazi hapa, umesahau? Nimefuata mashuka."

"Tangu lini mashuka yanafuatwa kwa kukaa benchi na miwani ya jua?"

Kabla hajapata jibu, nesi akatoa kichwa mlangoni. Nesi yule huwaita wagonjwa kwa viungo vyao. "Goti la kushoto! Na wewe nyonga ya kulia, jiandae!"

Hakuna aliyesimama. Nesi akarudia. "Jamani, goti la kushoto! Mnataka niwabebe?"

Nanga akainuka taratibu. Nyuma yake akamsikia Mpishi akisema, "Jirani yangu naye ana nyonga kama yangu hasa." Wakacheka hadi nesi akawatishia kuwafukuza.

Walipotoka kwa daktari walikaa tena pale pale. Mpishi alichora kwa kidole juu ya paja lake. Madobi husimama upande wa lango, watu wa jikoni upande wa tangi la maji, mwaka nenda mwaka rudi. Wakitazamana, goti bovu la Nanga na nyonga mbovu ya Mpishi viko upande mmoja, upande wa jukwaa. Mtu akijua hilo, anachohitaji ni kuielekeza kamba jukwaani.

"Tena tumeoza wote upande wa watazamaji," Mpishi akasema. "Tungeoza basi upande wa ukuta!"

Kisha kicheko kikaisha.

"Hutasema?" Nanga akauliza.

"Wewe je?"

"Mimi nimeuliza kwanza."

Wakapeana mikono, kila mmoja akashika njia yake. "Hatukuapa," Nanga aliniambia. "Mkono tu. Hapo ndipo nilipouponza moyo wangu. Nilikaa siku kumi na tatu nikijiuliza, ule mkono ulisema nini?"

Siku nne kabla ya mchezo, Msimamizi alimjia wakati anakunja shuka. "Nanga, wewe Mpishi unamjua kuliko sisi sote. Udhaifu wake nini?"

Nanga alikunja shuka ile, akaikunjua, akaikunja tena.

"Maneno mengi," akajibu.

Madobi wote waliosikia walicheka. Lakini toka hapo hakutulia. Kama yeye ameulizwa, basi na Mpishi ameulizwa. Na Mpishi ni mtu wa kuropoka.

Jumamosi saa tatu asubuhi, jukwaa lilikuwa limejaa. Nanga alikuwa amelifunga goti kwa bendeji tatu ndani ya suruali na kumeza vidonge viwili. Alimtazama Mpishi kule mbali, Mpishi akainua mkono. Nanga hakujua kama ni salamu au ni kwaheri.

Mvuto wa kwanza jikoni walishinda. Wa pili wakashinda madobi. Refa akaweka tena kitambaa chekundu juu ya alama ya katikati. Ukabaki mmoja.

Msomaji aelewe jambo moja. Anayeshika mkia wa kamba haoni kitu. Amelala nyuma, macho yanatazama mbinguni, na mbele yake kuna mgongo wa mwenzake tu. Kwa Nanga ni mgongo wa mpiga pasi, mwanamke mwembamba ambaye humwita Nanga Shangazi. Yanayotokea ng'ambo anayajua kwa kamba peke yake.

"Filimbi ikalia. Nikasema shika, nikasema kaza. Tukakaa. Dakika nzima hakuna aliyepata hata kidole. Nasikia pumzi tu na kamba inavyolia. Halafu ikasogea."

Ilisogea kwenda jukwaani.

Uzito wote ukashukia goti la kushoto. Anasema lilitoa sauti kama kuni inayovunjwa ndani ya gunia. Machozi yalimtoka bila kuombwa.

"Nikajua. Nikasema, Mpishi amenifichua. Amewaambia. Siku zote hizi nimefunga mdomo, kumbe mwenzangu ameshaniuza."

Alikuwa na nafasi ya pumzi moja. Angeweza kuiachia kamba, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kuita "Keti!" na kuvumilia. Badala yake alipiga kelele kwa nguvu zake zote: "Jukwaani! Vuteni jukwaani!"

Wenzake hawakuuliza. Saba wale walihama hatua moja, na yeye akahama nao, juu ya goti lile lile. Alijua kufanya hivyo kutamuumiza Mpishi, na yeye mwenyewe pia. "Nilitaka," aliniambia, akaangalia ndoo. "Usiliache hilo. Liandike. Nilitaka aumie."

Kamba ikaja. Ilikuja kwa mkupuo, kama mlango uliofunguliwa na mtu wa ndani. Na kutoka ng'ambo ikaja sauti. Haikuwa ya mtu aliyeshindwa mchezo. Nanga ameisikia sauti ya Mpishi miaka kumi na saba, na hiyo hakuwahi kuisikia.

Filimbi ililia. Watu mia sita waliimba, "Nanga! Nanga!" Yeye alikuwa amekaa kwenye nyasi, hawezi kusimama. Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kumuudhi.

Gari lililokuwa karibu lilikuwa la shule, la kubebea viroba vya jikoni. Waliwalaza wote wawili humo, ubavu kwa ubavu, juu ya magunia matupu. Mpiga pasi alipanda nao, ameshika kiatu kimoja cha Nanga.

Gari likafika kona ya kwanza.

"Ulisema," Nanga akaanza.

"Nilisema nini?"

"Kamba ilikuja jukwaani."

"Ilikuja," Mpishi akasema, amefumba macho. "Nikadhani ni wewe."

Hapo mpiga pasi akaanza kulia. "Shangazi, ni mimi. Niliteleza. Kisigino cha kiatu kiliachia, nikajishika na kamba nisianguke. Ni mimi niliyeipeleka huko."

Gari lilipita juu ya tuta. Wote wawili waliguna.

"Kwa hiyo mara ya kwanza ilikuwa kiatu," Mpishi akasema polepole. "Na mara ya pili?"

Nanga akajifunika uso kwa mkono.

"Walinibana, Nanga. Siku nne kila sufuria ninayofunua, kuna mtu ananiuliza udhaifu wako nini. Nikawaambia, kelele. Walicheka. Na kweli, ni kelele zako nilizozisikia."

Mpiga pasi anasema toka hapo hadi hospitali alitamani angeshuka akimbie.

Nyonga haikuvunjika. Daktari alisema imechubuka vibaya ndani, akamlaza Mpishi kwa uangalizi. Goti la Nanga lilikuwa limevimba ukubwa wa tikiti. Wiki sita asiguse kamba, baada ya hapo ndipo wataangalia. Safari hii daktari hakucheka.

Msimamizi aliwakuta Nanga na mpiga pasi kwenye korido. Nanga alimweleza yote hapo hapo: goti, benchi, siri ya Mpishi, na ile pumzi moja. Msimamizi alizichezea funguo zake kwa muda mrefu.

"Nilisema nini kuhusu anayenificha?"

"Kamba asahau."

"Basi mwaka ujao unakaa jukwaani," akasema, akaondoka. Hatua chache mbele akarudi akamletea kiti cha magurudumu.

Nanga alijisukuma hadi wodini. Alikuta nesi anataka kumtandikia Mpishi shuka yenye mchaniko pembeni. "Hiyo siyo," akasema. Akamtuma mpiga pasi kwenye kabati la nne, rafu ya juu. Ikaja shuka nyeupe, pembe zimekutana sawasawa. Akaitandika yeye mwenyewe upande anaoufikia, akiwa amekaa.

"Umeifua wewe hii?" Mpishi akauliza.

"Jana."

"Inanukia sabuni."

"Ni sabuni."

"Na makofi nikupigie?"

Nanga akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Niliita mimi. Niliita nikijua."

Dawa ilikuwa imeshaanza kumlegeza Mpishi. Alitazama dari, halafu akanyoosha kidole, akachora juu ya shuka kama alivyochora juu ya paja lake siku ile ya kliniki.

"Nilikuwa nawaza hivi," akasema. "Tukisimama mkia mmoja, mimi na wewe, sote tunatazama mbele. Ubovu wako unakuwa kushoto, wangu kulia. Kamba ikienda huku, unaibeba wewe. Hapana, naibeba mimi. Ah, dawa hii! Lakini mmoja wetu anakuwa mzima kila upande."

"Timu gani itatuchukua? Wewe jikoni, mimi dobi."

"Ya wazee. Tutaianzisha. Kule sokoni najua wawili wenye viwiko vibovu."

Hilo ndilo tumaini la Nanga leo. Ameshaongea na wale wawili wa sokoni, na mlinzi mmoja wa benki mwenye bega lililotenguka. Wiki sita zikiisha atamuuliza daktari tena, kwa sauti ambayo haitachekwa. Daktari akikataa, atasimama pembeni atoe sauti tu. "Ila sitamwomba akatae," aliniambia.

Kombe liko pale dirishani kwenye chumba cha kufulia. Wameweka vibanio vya nguo ndani yake. Nanga amekaa akiwa ameligeuzia mgongo.

Jumamosi ile, kabla hajafumba macho, Mpishi alisema neno la mwisho. "Sijakusamehe lakini."

"Najua."

"Usiondoke."

Mpishi akalala, mdomo wazi, akikoroma kwa sauti ile ile kubwa. Ilikuwa saa kumi alasiri na jua lilikuwa limefika kitandani. Nanga alishika pembe ya shuka isiteleze, akaanza kuhesabu pumzi za mwenzake: shika, kaza, keti. Nesi wa zamu anasema alipopita kuwapima presha, alimkuta na yeye amelala kwenye kiti, kichwa nyuma, mguu mbele, na pembe ya shuka bado i mkononi.