Gari Yenye Mgongo

Kriii. Halafu kimya kidogo, halafu tena kriiii, ndefu zaidi ya ile ya kwanza, kama kitanda cha kamba kinapokaliwa na mtu mnene aliyechoka. Hiyo ilikuwa sauti ya springi za nyuma za pikapu ya mjomba, siku tuliposhusha pua ya tela juu yake kule Fumba. Bado naisikia vizuri, hata nikiwa nakanda unga wa chapati.

Mjomba alisimama pembeni, mikono kiunoni, anatabasamu. Pikapu ikazidi kukaa nyuma na kuinuka mbele, mpaka taa zake zikaacha kutazama barabara zikatazama makuti ya minazi.

"Inajiweka sawa tu," alisema. "Gari mpya lazima ijiweke."

Mama mdogo akanitazama mie. Mie nikazitazama taa.

Niseme kwanza hilo tela lilikuwa nini. Ni nyumba ya magurudumu, nyeupe, ndefu, ina madirisha na mlango ubavuni. Mhandisi mmoja mgeni alikuwa akilala humo wakati nyumba mpya za Fumba zinajengwa, na mama mdogo, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, ndiye aliyekuwa akimpikia yeye na mafundi wake. Kazi ilipokwisha mgeni akarudi kwao. Gari iliyolileta tela ilikuwa imeshapanda meli zamani, kwa hiyo tela akamwachia mama mdogo. Mama mdogo akatoa kitanda, akatia majiko. Akatoboa ubavu mmoja, akaweka meza ya kuhudumia. Chapati, maharage ya nazi, samaki wa kupaka, chai ya maziwa. Mie nikawa natoka mjini kila asubuhi kuja kumsaidia, na hilo ndilo likawa jiko letu na maisha yetu.

Sasa nyumba zimekwisha, mafundi wameondoka, na wenye kiwanja wanakitaka kiwanja chao. Msimamizi wao alikuja kutwambia kwa adabu kabisa: mwezi ukiisha na tela bado lipo, litakatwa liuzwe chuma chakavu. Mama mdogo alikuwa ameshapata mahali Kendwa, nyuma ya mahoteli, wanakotoka wafanyakazi mchana kutafuta chakula cha mfuko wao. Fumba iko kusini mwa kisiwa, Kendwa iko kaskazini kabisa. Kilichokosekana ni gari ya kulivuta.

Kazi ya kutafuta gari niliichukua mie, kwa sababu hakuna mwengine aliyeitaka. Mie nimezaliwa Mji Mkongwe, mtaa ambao gari haipiti. Hata vespa ikipita watu wanabana ukutani. Labda ndiyo maana nikapenda malori. Nilipokuwa mdogo nikiagizwa mkate nilikuwa napitia Malindi kwanza kuyatazama yakitoka bandarini, na mkate unafika nyumbani umepoa. Mama akisema mie nitakuja kuolewa na lori. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto sikuziacha huko, nilitoka nazo.

Tela lile halivutwi kwa mkia wa gari kama matela mengine. Pua yake imeinuka juu, na chini ya pua kuna pini nene ya chuma. Pini hiyo inataka kiti, yaani bamba zito lenye mdomo, linalofungwa juu ya bodi la gari usawa wa magurudumu ya nyuma. Pini ikiingia, mdomo unajifunga. Kiti tulikuwa nacho. Mgeni alikiacha kimefungwa gunia.

Kabla sijamuuliza mtu, mjomba akaja kutoka kwake Chukwani. Yeye ni kaka yao wote wawili, mama na mama mdogo. Pikapu yake ni nyeusi, milango minne, anaifuta kila Ijumaa kabla hajavaa kanzu.

"Mnatafuta gari nami nnayo?" alisema, na alisema kama mtu aliyetukanwa.

Kwetu ndugu akikutolea kitu chake huulizi kama kinafaa. Unashukuru. Mama mdogo akashukuru, nami nikashukuru, fundi wa kuchomea akaja akakifunga kiti. Ndipo tukasikia ile kriii.

Tulichofanya baada ya hapo angekifanya mtu yeyote wa Fumba. Marehemu babu alikuwa na gari ya ng'ombe, na wanawe wote wamekulia juu yake. Ng'ombe akiinamishwa shingo na mzigo, watoto waliokaa mbele wanapigiwa kelele: rudini nyuma. Wanarudi, gari inainuka mbele, ng'ombe anavuta pumzi. Hata mie nimerudishwa nyuma mara nyingi nilipokwenda likizo. Kwa hiyo mjomba alipotazama taa zake zilizoelekea minazini, hakufikiri mara mbili.

"Rudisheni vitu nyuma."

Tukarudisha. Majiko, mitungi ya gesi, friji, tangi la maji, viroba vya unga, vyote tukavisukuma mpaka mkiani mwa tela. Na kweli, pikapu ikainuka, taa zikarudi barabarani.

"Mmeona?" mjomba alisema. "Ng'ombe anapumua."

Tukaondoka, mjomba kwenye usukani, mama mdogo mbele, mie nyuma na sufuria la mchuzi mapajani. Mwendo wa pole ulikuwa mzuri. Barabara ilipofunguka na mjomba akakanyaga mafuta kidogo, tela likaanza kukataa. Kwanza polepole, kama mtu anayetikisa kichwa kusema sitaki. Halafu likatuvuta nyuma kushoto, likatuvuta kulia, na vikombe vyote ndani vikaanza kuzungumza kwa pamoja. Mjomba alikuwa anatuhadithia jambo; akanyamaza katikati ya neno. Akaachia mafuta bila kugusa breki, namshukuru Mungu kwa hilo, tela likachoka lenyewe, tukasimama ubavuni mwa barabara huku mkia umeziba nusu ya njia.

Mwenye bodaboda mmoja akapita taratibu akituchungulia. "Tela lenu linacheza ngoma ya msewe," alisema, akaenda zake.

"Upepo huo," mjomba alisema.

Hakukuwa na upepo. Jani halitikisiki. Lakini mama mdogo alisema, "Ndiyo, kaka, upepo," na tukarudi Fumba kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Mchana ule nilikaa kivulini mwa tela na simu yangu. Nilikuta picha za video za watu wa mbali, wanazungumza Kiingereza cha haraka ambacho nusu yake kilinipita. Lakini mmoja wao alikuwa na tela dogo la mchezo juu ya meza, na vipande vya chuma. Anaweka vyuma mkiani, analivuta, linayumba mpaka linaanguka. Anavihamishia mbele, analivuta, linafuata kwa adabu. Nikairudia picha ile mpaka bando likakata.

Gari ya ng'ombe inakwenda mwendo wa ng'ombe, haina haraka ya kuyumba. Tela hili linataka pua nzito. Linataka kulilalia gari. Na sisi tulikuwa tumeliondolea kile kinacholituliza, ili pikapu isilie.

Nikamfuata mama mdogo aliyekuwa akiokota vipande vya kikombe kilichokatika mkono. "Mama mdogo, hatutafuti nguvu ya kuvuta. Tunatafuta mgongo."

"Mgongo wa nani tena?"

"Wa gari. Ibebe pua bila kukaa chini, na iweze kulisimamisha lote likija kwa nyuma."

Akafikiri kidogo. "Basi katafute. Lakini mjomba wako utamwambia mwenyewe. Mie sina uso huo."

Nilichukua kanga moja kuukuu. Nikaliweka tela sawa kwa miguu yake ya mbele, nikashusha kanga kutoka kwenye pini mpaka chini, nikafunga fundo pale pini ilipo. Kisha nikazunguka nayo kwenye malori, maana bodi likiwa juu kuliko fundo, pua itaelekea mbinguni na tela litachuchumaa kama mbwa, uzito wote uwe nyuma tena.

Lori la kwanza lilikuwa la kubebea mawe. Kubwa, la kutisha, na mgongo wake usingelisikia hata tela letu. Bodi lake likapita fundo kwa mbali.

"Unalishonea gauni?" dereva aliniuliza.

"Hapana baba, mrefu mno huyu. Kitambaa hakitoshi."

Akacheka mpaka akakohoa. La pili lilikuwa chini vizuri, lakini tairi za nyuma moja moja na springi zake nyembamba. Nililiangalia nikaisikia ile kriii kabla haijalia. La tatu nikalikuta karibu na soko la Mwanakwerekwe likishusha samaki. Lilikuwa na rangi ambayo hakuna mtu angeweza kuitaja, na mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Lakini nyuma tairi zake zilikuwa mbili mbili kila upande, springi zimepangwa nene kama vitabu, bodi lake fupi na mbavu zake zinafunguliwa zikatolewa. Nikashusha kanga. Bodi likaishia chini ya fundo kiasi cha kimo cha kile kiti.

Mwenyewe alikuwa Mtumbatu wa makamo, anayeleta samaki mjini na kurudi kaskazini na lori tupu. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Limeshawahi kuvuta tela?" nikamuuliza.

"Halijawahi. Nami sijawahi. Lakini limebeba samaki na barafu yao miaka yote na halijapiga goti."

"Na breki?"

"Panda."

Nikapanda. Akazunguka kwenye uwanja, akakaza mwendo, akakanyaga. Kiatu changu kimoja kikaruka kikapiga kioo.

"Rangi sina," alisema. "Breki nnazo."

Sasa ikabaki Chukwani. Nilimkuta mjomba uani anaifuta pikapu, na haikuwa Ijumaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakugeuka. "Umekuja kunambia."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, ya pini na ya uzito na ya yule mtu wa tela la mezani. Yote yakanikimbia. Mjomba huyu ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani kunionesha malori Malindi. Niliona anafuta kioo kile kile kilichokwisha kung'aa, nikataka kulia, kisha likanijia jambo jengine.

"Mjomba, msafara wa harusi, gari iliyong'aa huwa inabeba vyombo?"

"Inabeba vipi vyombo? Inatangulia."

"Basi hatuna wa kutangulia. Tela pana, barabara nyembamba, lazima awepo wa mbele awashe taa, awaambie watu wapishe. Na majiko na mitungi na tangi vitoke humo ndani vije kwenye bodi lako, tela lipungue uzito. Bila wewe hatutoki Fumba."

Na hilo halikuwa la kumfariji tu, lilikuwa kweli. Akakikunja kitambaa, akakikunjua.

"Hilo lori lina rangi gani?"

"Halina, mjomba."

Hapo akacheka. "Basi lazima nitangulie. Watu wasije wakadhani tunahamisha takataka."

Tulihama asubuhi na mapema. Fundi alikuwa ameshakihamishia kiti kwenye lori. Viroba vya unga na masanduku ya vyombo tulivipanga mbele, puani, na kila kizito kikaenda kwa mjomba. Mtumbatu akarudi nyuma pole pole, mie namwelekeza kwa mkono, pini ikaingia mdomoni: ka-ta. Tukaikunja miguu ya tela. Lori likashuka kidogo likasimama hapo hapo. Mama mdogo akainama karibu na tairi, akatega sikio kama anayesikiliza mgonjwa.

"Halisemi kitu," alisema.

Akaifunga ile kanga yangu kwenye kioo cha pikapu, akapanda kwa kaka yake, wakatangulia na taa zinawaka na kuzima. Mie nilipanda kwenye lori. Tulipopita mjini wanawake wawili waliosimama dukani wakatupigia vigelegele, na mama mdogo akawapungia mkono dirishani kama bibi harusi mwenyewe. Kaskazini kuna mteremko nilioufikiria usiku kucha. Dereva akaanza kukanyaga breki mapema, nami nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Tela lilikuwa linatufuata limenyooka, kama mtoto aliyeshikwa mkono.

"Macho yako yatatoka," dereva aliniambia. "Siku ukipata leseni n'tafute. Utatazama mbele badala ya nyuma."

Nilikuwa nimeshajiona kwenye usukani.

Tukafika Kendwa jua limesimama. Tukaweka mbao kwenye mchanga, tukashusha miguu ya tela, lori likatoka chini yake jepesi. Adhana ikaadhiniwa. Mjomba na dereva wakaondoka pamoja kwenda msikitini, wanabishana tayari habari za rangi, na mama mdogo akapata pa kusalia kwa jirani.

Mie sikuwa wa kusali siku ile. Niliingia ndani peke yangu. Vikombe vyote vizima, isipokuwa kile cha siku ya msewe kilichokatika mkono. Nikachukua sinia, nikaliweka mahali jiko litakapokaa, nikamimina maji kidogo nione kama pako sawa. Yakakimbilia upande mmoja. Nikatoka, nikazungusha mpini wa mguu wa mbele, nikarudi kutazama. Bado yanapenda upande wa bahari. Nikatoka tena, nikazungusha nusu mzunguko tu, nikaingia, nikachuchumaa mbele ya sinia mpaka maji yakatulia, yakagusa ukingo pande zote sawasawa.