Jumapili Hii Natakiwa Kutangaza Ndoa ya Baba wa Mwanangu

Admin, wakubwa wote humu shikamoo, wadogo zangu hamjambo. Naomba jina langu lisitokee kabisa, maana Walutheri huku kwetu tuko wachache, tunajuana mpaka vitenge. Nina miaka thelathini na sita, naishi mji mdogo wa pwani ya Lindi, sijaolewa, nina binti mmoja wa miaka kumi na sita. Kanisani mimi ndiye katibu, na kila Jumapili ndiye ninayesimama kusoma matangazo.

Nikiwa na miaka kumi na tisa niliimba kwaya ya vijana. Humo alikuwemo kijana nitakayemwita Joeli, si jina lake. Mama yake alikuwa mzee wa kanisa, na mpaka leo ni mzee wa kanisa, tena wa kuogopwa. Tulipendana kwa siri, nikapata mimba. Sijamwambia mtu yeyote, Mama Joeli akawa ameshanigundua kwa macho tu. Akaja nyumbani mama yangu akiwa shambani, akanibembeleza. Akasema Joeli anamalizia chuo, nikimtaja kwenye baraza la wazee naye atatengwa na jina lake litaharibika. Akaniomba niseme mimba ni ya mnunuzi wa korosho aliyekuja msimu akaondoka. Joeli akimaliza chuo, wataleta posa kwetu. Alinishika mikono yote miwili wakati anasema hayo. Nikamwamini, jamani, nilikuwa mtoto.

Basi nikatengwa na Meza ya Bwana. Mwaka mpya uliofuata, mtoto mgongoni, nikasimamishwa mbele ya washarika kutubu ili nirudishwe kundini. Nikasema ule uongo wa mnunuzi wa korosho kwa sauti, watu wote wakinitazama. Joeli alikuwa amesimama na kwaya, ameshika kitabu cha nyimbo, hakuinua uso. Wiki ile ile akaenda Dar. Posa sikuiona. Nilipomfuata mama yake kuuliza, akaniambia mbona nilishamtaja baba wa mtoto mbele ya madhabahu, au nilimdanganya Mungu? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimemlea mwanangu kwa vitumbua na samaki wa kukaanga. Wengi wanashangaa kwa nini sikuhama kanisa. Wanadhani ni uvumilivu. Nilibaki ili yule mama anione kila Jumapili, hiyo ndiyo sababu, na siionei aibu.

Jumapili ya kwanza ya mwaka huu tulikuwa na chakula cha pamoja cha mwaka mpya. Majirani zetu wengi ni Waislamu na huwa tunawaalika, kwa hiyo mbuzi anachinjwa na jirani Mwislamu ili wote tule sufuria moja. Siku ile nilikuwa na furaha zangu. Mwinjilisti akanipa karatasi ya matangazo wakati ibada imeshaanza, sikupata nafasi ya kuipitia. Nasoma, nafika katikati, nakutana na jina la Joeli. Anafunga ndoa na binti wa Dar, mwisho wa mwezi, hapa kwetu. Tangazo la kwanza kati ya matatu. Nikasoma mpaka pale panaposema mwenye pingamizi amuone mchungaji. Wanawake wakapiga vigelegele. Binti yangu naye akapiga, kwa sababu kwaya yao ndiyo itakayoimba harusini.

Wakati wa kula Mama Joeli akanifuata kwenye masufuria, sahani ya pilau mkononi. Akanisifu kwamba nimesoma vizuri. Halafu akanisogelea.

"Mwanangu, siku ya harusi huyo binti mpeleke kwa bibi yake kule Nyangamara. Kadiri anavyokua, sura inasema. Wageni wa Dar wana macho."

Nikamwuliza, "Na wewe ni nani yake, mama?"

Akaendelea kutafuna mpaka akameza. "Mimi ni mzee wa kanisa," akasema, akaenda kukaa na wageni.

Jumapili iliyopita nimesoma tangazo la pili. La tatu ni Jumapili hii, na siku hiyo bibi harusi na wazazi wake wanakuja kutambulishwa. Najua nikienda ofisini kwa mchungaji mambo yataishia ofisini, kwa maombi na chai. Sitaki. Nataka niseme pale pale mbele, Mama Joeli akiwa benchi la kwanza na kitambaa chake cheupe, wakwe zake wakimwona. Najua nitatengwa tena kwa ule uongo wangu, na nitasimamishwa kutubu tena. Lakini safari hii sitasimama peke yangu. Nimeshafanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo. Naona raha mpaka naogopa.

Kinachonikwamisha ni binti yangu. Anajua baba yake ni yule mnunuzi wa korosho, hajui lingine. Wiki hii yote anafanya mazoezi ya wimbo wa kumpokea bwana harusi, anauimba huku akiosha vyombo, na mimi namsikiliza.

Tafadhali msiniambie nisamehe, hayo nayasikia kila wiki. Nauliza jambo moja. Nikimwambia binti yangu Jumamosi, atalia aniombe ninyamaze, na yeye ndiye mtu pekee duniani ninayeweza kumnyamazia. Nisipomwambia, atasikia akiwa amesimama na kwaya, kanisa zima likimtazama, kama nilivyotazamwa mimi. Ndugu zangu, nifanye lipi?