Abiria Aliyekaa Juu ya Pampu

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tisa. Upepo wa vumbi ulikuwa umevuma hapa Same tangu asubuhi, hata milima haikuonekana.

Najua wengi hamtaamini. Hata mimi kuna siku sijiamini. Lakini sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Nilikuwa nimechoka tu. Mimi ni fundi magari, shule niliishia darasa la saba. Naandika nilichokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Shemeji yangu Elia, mdogo wake mke wangu, ana gari dogo la mbio. Alilifungia turbo kubwa ya kusukuma hewa kwenye injini, likaanza kukosa mafuta kila akikanyaga: linavuta, kisha linakwama kama mtu aliyepaliwa. Akataka pampu ya mafuta kubwa kuliko zote.

“Shemeji, weka dubwana,” aliniambia. “Nataka kule Mamba mlimani wasikie nakuja.”

“Dubwana litakuchemshia mafuta ndani ya tangi. Pampu inachaguliwa kwa njaa ya injini, siyo kwa sifa.”

“Umezeeka wewe. Haya, funga hiyo unayoitaka. Mama anasubiri.”

Mama ni mama mkwe wangu. Alikuwa ameteremka kutibiwa macho, na Elia alipaswa kumrudisha nyumbani Mamba jioni ileile. Barabara ile mnaijua? Kona na korongo. Gari likizima ghafla kwenye mwinuko, usukani na breki vinakuwa vizito mikononi mwako.

Nikachagua pampu ya wastani. Kwenye gari lile pampu inakaa ndani ya tangi, chini ya siti ya nyuma. Nikang'oa siti, nikaiegemeza ukutani, nikafunga pampu mpya na kuiunga kwenye waya uleule wa umeme wa zamani. Kisha nikaenda kulijaribu barabara ya Makanya, kama tufanyavyo mafundi wote wa hapa, kwa sababu imenyooka. Siti nikaiacha gereji, ili niweze kuona kama mfuniko wa tangi unavuja.

Gari lilivuta vizuri, sina la kusema. Nilipogeuza, jua lilikuwa linazama. Kando ya mashamba ya mkonge alisimama mzee mwenye ovaroli ya gereji, akapunga mkono. Ningemwachaje kwenye vumbi lile? Akafungua mlango wa nyuma, akaingia.

“Shikamoo, mzee.”

Hakuitikia. Nilimwona kwenye kioo, amekaa wima, kichwa karibu na paa, kama abiria yeyote. Tulipokwenda kidogo akasema, “Pampu yako inalia.”

“Mbona mimi siisikii?”

“Hapa ni tambarare. Waya huo utauweza mlima?”

Nani alimwambia habari za waya? Nikamuuliza kama na yeye ni fundi.

“Nilikuwa napanda Mamba,” akasema. Basi.

Nilipofika gereji niligeuka kumuuliza anashukia wapi. Hakuwepo. Mlango sikuusikia ukifunguliwa. Halafu nikaiona siti, imeegemea ukuta palepale nilipoiacha. Sasa niambieni, yule alikuwa amekalia nini? Nyuma kulikuwa na bati tupu na mfuniko wa pampu.

Nikagusa waya. Ulikuwa wa moto, plastiki yake imelainika kama mshumaa. Kwa haki niseme, pengine harufu ya kuungua niliipata njiani, akili ikatengeneza mtu. Pengine pia waya ungehimili mlima bila kuungua na kuzima pampu. Sijui. Lakini funguo nilizitia mfukoni.

“Leo hampandi,” nilimwambia Elia, aliyekuwa ananingoja mlangoni na mama yake.

“Shemeji, umerogwa?” Elia alifoka. “Watu wananingoja!”

“Wakungoje ukiwa mzima.”

Baadaye nilivuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, wenye rilei, ile swichi ya umeme mkubwa, na fyuzi yake, na gari likapanda. Elia hakunishukuru. Simlaumu, yeye hakuona kitu.

Tangu hapo sijaribu gari bila siti, wala sipiti kwenye mkonge ule jua likizama. Kila nikimaliza kufunga pampu nasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Nimechoka kugeuka. Ninyi mnaopenda mwendo, pampu mpya msiifunge kwa waya wa zamani, na msidanganyike na jaribio la tambarare. Na mtu akipanda gari lako asiitikie salamu, usimuulize habari zake.

Jioni ile ya Jumanne tulikula makande ya mahindi na maharage. Elia alikula amenuna. Mama mkwe alitafuna, akasema maharage hayajaiva, kisha akanigeukia.

“Baba, yule mzee uliyekuja naye, aliyekaa nyuma, mbona hukumkaribisha?”

Macho yake yana ukungu, hilo lazima niliseme.  Mke wangu aliinuka, akapakua sahani nyingine ya mgeni, akaifunika.